Anwani ya Kwenye Sumaku

Glenys Pascoe, mtunza tovuti wa zimamoto, alichoka hata kabla ya saa nne asubuhi. Joto digrii arobaini na mbili, upepo ungegeuka saa tisa na kuusukuma moto wa nyika kuelekea kwenye nyumba, na ukurasa wa tahadhari wa kikosi cha zimamoto cha Kurrawee haufunguki.

Kosa ni lao wenyewe. Mwezi uliopita walihamisha tovuti, na anwani ya zamani imechapwa kwenye sumaku iliyobandikwa kwenye friji ya kila nyumba. Wazee wa huko hawaamini kingine. Basi Glenys akaandika kanuni kwenye seva, kompyuta inayobeba tovuti: anayekuja kwa anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya. Kumbe aliyemtangulia aliacha yake, ya kurudisha mpya kwenye zamani. Msomaji anasukumwa huku na huku mpaka kivinjari kinakata tamaa.

Akaifuta ya mtangulizi. Bado. Akairudisha, akabadilisha mpangilio. Bado. Akaanza upya. Ikapita saa nane, mkate wake umekauka mezani.

Simu ikalia. Ni mzee Clarrie Hobbs wa ng'ambo ya kijito, miaka themanini na moja, mbishi wa kupindukia.

"Binti, asante kwa kazi."

"Unanikejeli, mzee?"

"Nikukejeli kwa lipi? Saa nne na robo nimefungua, ramani hiyo, nyekundu mpaka kwangu. Nikapakia mbwa na picha za marehemu garini. Baadaye nachungulia, hamna kitu. Nikasema wameiondoa, hatari imepita. Nimeshusha vyote, na viatu nimevua."

Glenys akang'amua kosa lake. Saa nne na robo alikuwa ameshatengeneza. Kanuni zile zilitiwa alama ya kudumu, na kivinjari kikishaambiwa njia ni ya kudumu hakiulizi tena. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa imekariri njia mbovu, ndiyo maana yeye hakuuona ukurasa ukifunguka. Alichofanya tangu hapo ni kuharibu.

"Vaa viatu, mzee."

"Lakini ukurasa..."

"Ukurasa nimeuharibu mimi. Hatari haijaenda popote. Achana na friji, nisikilize mimi."

"Nilikuwa nakuamini, Glenys."

"Najua. Ondoka."

Akarudisha kanuni ilivyokuwa saa nne na robo, hakujisumbua kuijaribu. Akavuta orodha ya nyumba za ng'ambo ya kijito, thelathini na saba, zote zina sumaku ile. Zilibaki dakika arobaini upepo ugeuke. Akaanza kupiga simu. Nyumba ya kwanza haikupokea.