Ombi la Kuwa Kibarua

TANGAZO KWA UMMA! Ofisi Kuu ya Jasho la Ziada inawajulisha wafanyakazi wote kwamba ovataimu ya kibarua haikatwi kodi, bali ya mwenye mshahara wa mwezi itakatwa bila huruma.

Ofisi Kuu ilikuwa mimi, Anatoli wa kidato cha tatu. Muhuri niliuchonga kwenye kipande cha muhogo.

Nilibandika tangazo hilo mlangoni mwa stoo ya shule yetu ya bweni, hapa Kasulu. Wiki ya mahafali, mtunza stoo, Mzee Ildefonsi, na mpishi, Mama Kezia, waliongeza saa za kazi kila siku. Mama Kezia, kibarua anayelipwa kwa saa, alipata ovataimu yake yote. Mzee Ildefonsi, wa mshahara, alikatwa kodi, akanuna hadi maharage yakapungua kwenye sahani zetu. Nilitaka kumchokoza tu.

Alilisoma mara tatu, akavua kofia.

"Anatoli mwanangu, wewe una mwandiko. Niandikie barua kwa Madam. Naacha mshahara, niwe kibarua."

"Kweli, mzee?"

"Miaka kumi na moja nakatwa kama nyasi. Andika!"

Mama Kezia alicheka huku akisonga ugali. "Ilde, na likizo je? Mimi nikiugua, sipati hata senti."

"Wivu huo, mama."

Nikaandika, nikiamini kabisa kwamba Madam Veronica, mkuu wa shule, angecheka na kuichana.

Hakucheka. Kesho yake alituita ofisini, mzee na mimi mwandishi wake, barua na tangazo vikiwa mezani.

"Mzee, kodi haiulizi unalipwa kwa saa au kwa mwezi. Ovataimu inaongezwa kwenye mshahara, halafu inatazamwa jumla. Ya Kezia haijafika laki mbili na sabini, kodi inapoanzia. Yako imepita."

"Tangazo limesema, Madam. Nina watoto wawili wanasoma Kibondo."

"Mahafali yamekwisha. Ukiwa kibarua, mwezi ujao huenda nisiwe na saa za kukupa."

"Saini tu, Madam."

Akashusha pumzi, akaiweka kalamu kwenye karatasi. Halafu akaiinua.

"Anatoli, hii 'g' yenye mkia wa nyani, mbona iko kwenye barua na kwenye tangazo?"

Nilikuwa na majibu matano, yote mazuri. Lakini Mzee Ildefonsi alikuwa bado anaitazama ile kalamu, akingoja ishuke.

"Ni mimi, Madam," nikasema. "Mzee, hakuna ofisi kama hiyo. Nilitunga. Tafadhali, usiache kazi yako."