Kompyuta ya Mjerumani

Wiki nzima gari la Mzee Ngassa lilikaa uani kama ng'ombe aliyegoma kunyanyuka. Lilikuwa gari jeusi la Kijerumani, la viti vya ngozi, limeshaendeshwa na wakubwa kadhaa kabla ya kufika Bariadi, na mtaa mzima ulilijua kwa jina la Mjerumani. Mvua ilikuwa imeingia kwenye kompyuta ya injini ikaiua. Ikaletwa nyingine kutoka Mwanza, iliyochomolewa kwenye gari lililopata ajali, ikafungwa, na Mjerumani akaikataa. Taa za dashibodi ziliwaka, lakini starta haikuzungusha hata kidogo.

"Haiujui ufunguo wako, baba," fundi Onesmo alieleza. "Inadhani wewe ni mwizi. Lazima tufute kumbukumbu za lile gari lingine, halafu tuiandike upya."

"Mimi mwizi? Kwenye gari langu?"

"Ndivyo inavyodhani."

Ngassa alimeza hasira. Mafundi wengine walishakuja, wakachungulia, wakaondoka wakitikisa vichwa. Na kesho, Jumapili, mjukuu wake Felisita alikuwa anapata kipaimara huko Nkoma. Nyonga ya mkewe, Milembe, haikumruhusu tena kupanda pikipiki wala kusukumana kwenye basi. Ngassa alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa gari lake mwenyewe, na ahadi hiyo alishaitangaza kanisani, sokoni, na kwa jirani yake Mayige, ambaye kila asubuhi alichungulia juu ya ua wa minyaa kuuliza kama Mjerumani ameamka.

Fundi pekee mjini mwenye mashine ya kuandika kompyuta za magari alikuwa Onesmo, mume wa binti yao Jenipha. Ugumu ulikuwa hapo. Kwa Wasukuma mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, na ni Ngassa mwenyewe aliyemkazia Onesmo siku ya mahari: "Hapa kwangu mila hazilegezwi." Basi wakapanga hivi: Milembe abaki jikoni, nyuma ya nyumba, Onesmo afanye kazi mbele, na kila akitaka kuinuka akohoe kwa nguvu.

Onesmo aliunganisha chaja kwenye betri, akaketi kiti cha dereva na kompyuta yake mapajani, waya ukiingia chini ya usukani. Milango yote aliiacha wazi kwa ajili ya joto.

"Sasa naanza, baba. Waya usiguswe, na mimi nisiinuke. Ikikatikia katikati, hii kompyuta ya gari inakuwa kopo tupu."

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Ngassa alisimama mlangoni akikitazama kioo cha kompyuta ya Onesmo. Enzi zake kiwandani, kwenye kuchambua pamba, alisoma masomo ya jioni hadi akaweza kukisoma kitabu cha gari hili cha Kiingereza, kamusi ikiwa pembeni. Hakupenda kusomewa. Mstari wa kijani ulitambaa taratibu mno.

"Vipi?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado tu, baba."

Hatimaye mstari ukajaa, na chini yake likatokea neno ambalo Ngassa alilisoma kwa macho yake mwenyewe: imekamilika. Onesmo alikuwa ameinama kuangalia kipimo cha betri.

"Tayari!" Ngassa alipaza sauti. "Milembe! Milembe! Njoo usikie injini!"

"Baba, hiyo ni..."

Lakini Milembe alikuwa ameusubiri wito huo wiki nzima. Akatokea kwenye kona ya nyumba akichechemea, unga mikononi, uso umemkunjuka. Onesmo akainua kichwa, akaona pindo la kitenge. Hakuwaza. Aliinamisha macho, akateleza juu ya kiti cha abiria, akatokea mlango wa pili na kupenya kwenye minyaa, kompyuta ameikumbatia kifuani. Waya ulinyooka, ukachomoka, ukabaki ukining'inia chini ya usukani.

Milembe aligeuka mara moja akaupa ua mgongo. "Si umesema kamaliza?"

"Kamaliza! Nimesoma mwenyewe!"

Sauti ya Onesmo ikatoka upande wa pili wa ua. "Ilikuwa imemaliza kufuta, baba. Kuandika ndiyo kwanza ilianza."

"Sasa ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

"Basi rudi uandike!"

"Hainisikii tena. Mpaka ifunguliwe, iunganishwe waya kwa ndani. Nitaipeleka Mwanza Jumatatu."

"Jumatatu! Na kwa nini ulikimbia? Mtu mzima anaachaje kazi katikati?"

"Baba, mayu alikuja."

Kijana angebaki amekaa, akimkodolea macho mama mkwe wake, Ngassa mwenyewe ndiye angemfukuza. Alitaka kumkasirikia Milembe, lakini Milembe aliitwa. Akalipiga tairi teke, na kidole ndicho kilichoumia.

Kichwa cha Mayige kikachomoza. "Ngassa, mkwe wako yuko huku kwangu amekumbatia kompyuta. Nimpe kiti?"

"Mpe, na wewe ukae!"

Aliingia garini akazungusha ufunguo. Safari hii hata zile taa za dashibodi zilizokuwa zikimcheka wiki nzima hazikuwaka. Akazungusha tena, akazungusha tena, hadi Milembe akasema, bado ameupa ua mgongo:

"Acha. Kesho naenda Nkoma. Kuna bajaji."

"Bajaji! Nimewaambia waniachie nafasi mbele ya kanisa!"

"Bajaji itaenea hapo." Alijipangusa unga. "Unakuja, au unabaki na Mjerumani wako?"

Ngassa alibaki ameketi garini hadi wakati wa chakula. Lakini asubuhi bajaji ilipopiga honi alitoka amevaa suti, akampita Mjerumani bila kumtazama, akamshika Milembe mkono apande kwanza.

"Shikamoo mzee," dereva akasema, akichungulia uani. "Kumbe leo si kwa Mjerumani..."

"Marahaba. Endesha. Na upite njia ya nyuma."