Mfereji wa Nne

Kofi lilimpata mwanamke kwenye benchi la kusubiria, mbele ya wagonjwa watano, na daktari wa meno alilisikia akiwa ndani. Alitoka mbio na glavu zake mikononi. Aliyepigwa ni mdogo wake wa kike, ameshika shavu. Mumewe, jitu la miraba minne, naye ameshika lake.

"Umeniachia maumivu makusudi!" Shemeji alimkamata daktari kola ya koti jeupe, akambamiza mlangoni. "Wiki mbili silali! Hili jino ndilo linalonifanya nimpige mdogo wako. Litibu, tupumzike wote!"

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ila daktari naye alijijua. Gego lile la juu alilisafisha siku ambayo foleni ilifika barabarani, kwa macho matupu, akahesabu mifereji mitatu ya mizizi, akaziba. Hadubini ilibaki kwenye kona, imefunikwa shuka. Kama palikuwa na mfereji wa nne, basi mdogo wake alipigwa kwa uzembe wake yeye. Wazo hilo lilimkaba kuliko ile kola.

"Kaa kitini, shemeji."

Sindano ya ganzi ilipomgusa ufizi, jamaa alilipiga teke sinia, vyuma vikatapakaa sakafuni. Daktari alileta vyuma vingine. Aliivuta hadubini, akalifungua gego upya. Sasa ndani ya jino palionekana papana kama kiganja: matundu matatu, yote yamezibwa vizuri, na pembeni mstari mwembamba. Aliukwangua taratibu, akadondosha rangi ya buluu, akasuuza. Ikabaki nukta moja tu. Alipoingiza sindano laini ya kusafishia, ilizama, na usaha ukafuata. Alitaka kulia kwa furaha. Mtu mzima na mangumi yake, kumbe anaendeshwa na kitundu!

Alisafisha, akatia dawa, akaziba. Mlangoni alimkumbatia mdogo wake. "Yamekwisha, mdogo wangu."

Siku ya nne mdogo wake alirudi peke yake, leso mdomoni, damu hadi kifuani. Alipoiondoa, meno mawili ya mbele hayakuwapo.

"Jino lake limeanza tena?" daktari aliuliza, akiomba moyoni ajibiwe ndiyo.

"Halimuumi hata kidogo, dada. Analala vizuri. Anaamka na nguvu zake zote."