Sauti Kwenye Geti la Msitu

Mambo yalimharibikia Kimeli Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano. Mvua ilikuwa imekata barabara ya chini, na mkewe Jemutai alikuwa hoi kwenye kiti cha nyuma cha gari, probox ya jirani yao Wabuge, akitafuta pumzi. Njia iliyobaki ya kufika hospitali Eldoret ilikuwa ya msituni, juu ya Timboroa. Geti lilikuwa na kufuli. Kimeli aliita mpaka koo likakauka. Wakazunguka mbali. Jemutai hakufika.

Kimeli aliposema kuna askari aliyemjibu getini, wakubwa wa mradi wa msitu wakasema hakukuwa na askari siku hiyo. Eti mzee alichanganywa na uchungu. Maneno ya mtu wa darasa la tatu, nani angeyapima?

Lakini mtini, hapo karibu na geti, kulikuwa kumefungwa kisanduku cha kunasa sauti za ndege na wanyama. Nanyama, binti ya Wabuge, alikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakifundishwa katika chuo cha Chepkoilel kutengeneza programu ya visanduku hivyo, programu ya wazi ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuibadilisha. Ndiye aliyemwambia Kimeli kwamba kisanduku kilinasa sauti za siku ile. Kimeli akavaa koti alilomzikia mkewe, akaenda darasani kwao.

"Mzee, umepotea?" Simeon, mkuu wa mradi, akamwuliza mbele ya darasa.

"Waliopotea wako ofisini. Mimi nimefuata sauti yangu ya siku ile."

Vijana wakacheka. Simeon hakucheka.

"Hapa tunasikiliza wanyama, Mzee. Sauti za watu, tunaifundisha programu izifute. Somo la leo ndilo hilo. Tunalinda siri za watu."

"Kwa hivyo tumbili akilia anawekwa, mimi nikilia nafutwa?"

"Mzee amekuweza, sir!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nanyama, rekodi ya Machi iko kwenye kompyuta yako. Futa," Simeon akaamuru.

Kimeli akaweka kiganja chenye sugu juu ya kibodi.

"Siri ya nani? Sauti ni yangu, na mimi nimeruhusu."

"Na askari je? Yeye ameruhusu?"

"Askari yupi, Simeon? Si mlisema hakukuwa na mtu?"

Simeon akamwashiria Nanyama afute. Nanyama akausogeza mkono wa mzee polepole, akabonyeza, lakini si pale alipoamriwa.

Mvua. Ndege mmoja. Honi. Kisha: "Fungueni! Mke wangu anakufa!" Nyuma yake kikohozi, cha Jemutai, na Kimeli akashika meza. Halafu sauti ya kijana, karibu kabisa:

"Mzee, ufunguo ninao. Nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

Honi tena. Gari likirudi nyuma. Mvua.

Kimeli hakulia, machozi aliyamaliza Machi. Akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na Simeon kama mtu asiye na safari nyingine.

"Alikatazwa na nani?"