Mashine Nyuma ya Sauti Yake

...na jina sikulitaja, hata wakinishika wakaniapisha nitasema hivyo hivyo, jina sikulitaja kwa sababu sikulijua, aliyepiga hakulisema na sisi haturuhusiwi kuuliza, ndiyo maana ya simu yenyewe, mtu aseme alichokiona akate aende zake... aah, taratibu, hapo panauma, “Pole dada, una kichwa laini kama cha mtoto mchanga, tulia basi,” anasema msusi, ananishika kidevu ananigeuza niangalie ukuta, na ukutani ndiko iliko redio, na redio ndiyo kwanza imemaliza wimbo inaanza tangazo letu, mwanamke mwenye sauti ya asali, ukiona rushwa usinyamaze, piga simu, ni bure, jina lako ni siri, nalijua tangazo hili kama mtu anavyoijua njia ya chooni gizani, maana upande wa pili wa hiyo simu ndiko niliko mimi, na hedifoni zangu na kiti changu kinacholia nikijigeuza, lakini hapa saluni hakuna anayejua, hapa nimesema tu nafanya kazi ya kupokea simu, na wakadhani ni benki au ni kampuni ya umeme, nikawaacha wadhani, si uongo, ni ukweli ulionyamaza, kama vile jina nalo sikulitaja, tunarudi pale pale, kila nikilifukuza linazunguka mlango wa nyuma... alianza kwa kuniita mwanangu, “Mwanangu, sijui kama hapa ndipo,” nikamwambia ndipo mama, sema tu, uko salama, tumefundishwa kusema uko salama kabla ya kitu kingine chochote, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mashine zinazunguka, kishindo cha nguo nzito zenye maji, du, du, du, na yeye ananong'ona juu ya kile kishindo, kwamba dawa za watoto za hospitali zinatoka kwenye stoo zikiwa chini ya mashuka machafu, kwamba mtunza stoo mwenyewe ndiye anayeziweka kwenye kigari cha dobi, kwamba kigari kikifika geti la nyuma kuna gari linasubiri, na kina mama wenye watoto wanaambiwa dawa hakuna, nendeni mkanunue nje. “Kuna mtoto amekata roho pale kwenye benchi,” akasema, “mamake bado anampepea, hajajua, na dawa yake nimeisukuma mimi kwa mikono hii, nilidhani nasukuma mashuka.” Nilidhani nasukuma mashuka! Kumbe mtu anaweza kujitaja hivyo, mwenyewe, bila kuulizwa, akaanza na mikono yake kabla ya kuifikia mikono ya mwingine, na mimi nikamuuliza kwa sauti ya kazini hospitali gani mama, akaitaja, na sikuhitaji kuuliza zaidi, maana stoo ya dawa pale ina mtunzaji mmoja tu, na huyo mtunzaji ni kaka yangu, tumbo moja ziwa moja.

“Geuka huku kidogo,” anasema msusi, nageuka, anapaka mafuta kwenye mstari mpya kwa kidole chake baridi, anaanza kueleza mambo yake, jana wale watu wa ushuru wamekuja tena, wale wawili, mnene na mwenye miwani, wanataka pesa risiti hawatoi, ukiuliza risiti wanakuonyesha kufuli, “eti saluni chafu, wataifunga, chafu hapa? Nywele zikianguka hazijagusa sakafu nishafagia,” nasema mmh, kichwa kiko mikononi mwake, siwezi hata kutikisa... kanuni iko wazi, jambo likimgusa ndugu yako unanyoosha mkono, msimamizi anakuja, unamwachia kiti, wala haulizwi mtu ndugu gani, nimeona wenzangu wakinyoosha, yule mwenzangu wa dirishani alinyoosha kwa ajili ya shemeji yake na hakuna aliyemcheka, na mimi mkono wangu ukakaa pale pale juu ya meza kama umepigiliwa msumari, nikamshukuru yule mama, nikamwambia taarifa yako itafanyiwa kazi, na simu yake nikaiweka kwenye fungu la utani, lile la watoto wanaopiga kucheka na walevi wanaotuomba tuwaimbie, ndimo ilimo mpaka sasa, sauti yake na mashine zake, katikati ya vicheko vya watoto.

Lakini nilikwenda kumkanya! Hilo Mungu analijua, nilikwenda kwa kaka siku ya mapumziko nikiwa na nia moja tu, kumwambia aache, kwa sababu kaka si mtu mbaya, kaka ndiye aliyeacha shule baba alipofariki akabeba magunia sokoni ili mimi nibaki darasani, mabega yake mpaka leo moja liko chini ya jingine, ukimwona kwa nyuma anatembea unajua mwenyewe gharama ya elimu yangu... wifi akaleta juisi, watoto wanaruka juu ya makochi mapya yasiyotolewa hata nailoni, yanalia chwa chwa wakiruka, na mimi nayatazama yale makochi na sitaki kuyatazama, nikasubiri wifi arudi jikoni nikasema kaka, kama kuna kitu unafanya pale kazini, acha, wanajua. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. “Nani kasema?” Simjui. “Hujui, au hutaki?” Simjui kaka, haki ya Mungu, na hapo, hapo ndipo, ulimi hauna mfupa, heri kujikwaa kidole, nilitaka tu aniamini, nilitaka asinitazame vile, nikasema simjui hata sura, mashine zilikuwa zinapiga kelele nyuma yake, hata kumsikia nilimsikia kwa shida. Kaka akatazama chini. “Mashine,” akasema. Basi, neno hilo moja, kama mtu aliyeokota kifungo chake sakafuni, kisha akamwita mkewe, mletee mdogo wangu chakula, asiondoke na njaa, na mimi nikala. Nilikula, nikaongezewa, nikala tena, na wakati natafuna kaka alikuwa kibarazani anaongea na simu kwa sauti ya chini.

“...halafu wakaniambia kama sina hela nitafute njia nyingine ya kuwafurahisha, unawaelewa hao?” anasema msusi, na vidole vinakaza kwa hasira, kichwa changu ndicho kinachoumia, “leo nimechoka, hiyo simu ya kwenye redio naipiga, nawataja wote wawili, mnene na wa miwani,” na mama aliye chini ya draya, mama mmoja mteja wa siku nyingi ambaye kwa kelele ya lile draya huongea kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, anapaza sauti, “Thubutu! Thubutu upige! Yule dobi wa hospitali si alipiga? Mdogo wake tunasali naye, anasema siku hiyo alimpelekea chakula kazini, dada mtu akapiga mbele ya macho yake, haukupita muda kakutwa getini na dawa ndani ya kigari chake! Wamemwekea! Mama wa watu, mjane, yuko rumande mpaka leo, na mtunza stoo kapewa sifa eti ndiye aliyemkamata!” na msusi vidole vinasimama, “Jamani, si wanasema ni siri?” na mama wa draya anacheka kicheko kikavu, “Siri! Siri ya kwao hiyo. Wanapokea kwa sikio hili wanatolea kwa mdomo. Nakwambia wote wale wanakula sahani moja,” na mimi nakodolea macho redio, natafuta kifungo cha kuizima kwa macho, kama macho yangefika... sahani moja, nilikula, nikaongezewa.

Kwamba kuna dobi amekamatwa nilishasikia, na nilikuwa najiambia mambo mengi. Kwamba labda hata kaka hakuwa yeye, labda ni watu wa juu yake waliompangia yule mama, kwamba dobi wako wengi, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na hili la damu ndilo nililolitegemea zaidi, nikalivaa kama shuka, lakini yule mtoto wa kwenye benchi naye alikuwa na damu, au siyo, na mama yake alikuwa anampepea, na yule dobi naye ana mdogo wake anayesali akitoka anasimulia watu, kila mtu ni wa damu ya mtu, ikiwa damu ndiyo kinga basi hakuna wa kumshtaki yeyote hapa duniani... na wiki hii yote simu zimekuwa haba, tunakaa tunakunywa chai, yule mwenzangu wa dirishani akatania, “Hongereni, rushwa imekwisha nchini,” tukacheka wote, na mimi nilicheka, sikujua nacheka nini, sasa najua, haijaisha, watu ndio wameacha kupiga, habari imetembea kutoka kwa mdogo mtu hadi nyumba ya ibada hadi saluni, inatembea kwa miguu na inafika mbali kuliko tangazo la redio, na huyu msusi aliyekuwa na hasira ya kutosha kuwataja watu wawili mchana kweupe anashusha pumzi juu ya utosi wangu, nasikia joto lake, anasema “Basi yaishe. Nitawapa wanachotaka,” anasema hivyo, nitawapa wanachotaka, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, na vidole vinaanza tena kusuka, polepole, na ninafahamu kwamba sikumfunga dobi peke yake.

Sasa nafikiri kitu kilichokuwa mbele ya pua yangu siku zote nami nikikizunguka kama kinyesi njiani: mwizi hapigi simu kujichongea. Yule mama akisimama mbele ya hakimu akisema mimi ndiye niliyetoa taarifa, nani atamwamini, hana ushahidi, ushahidi ni sauti yake, na sauti yake iko kwenye fungu la utani, na fungu hilo husafishwa kila mwisho wa mwezi, na aliyeiweka mle ni mimi, na anayejua imo ni mimi, hakuna mwingine, hata kaka hajui. Leo mchana niko zamu. Msimamizi yupo. Naweza kunyoosha mkono, mkono uliochelewa ni mkono pia, nitasema niliyoyasikia na nitasema nilikoyapeleka, maana nikisema la kwanza bila la pili nitakuwa nimesukuma mashuka tu, na kazi itakwenda, hilo halina mjadala, nimekiuka kiapo cha kazi, huenda nikamfuata yule mama kule kule alikolala. Na kaka. Kaka na lile bega lake. Wifi atanipigia usiku na mchana, watoto watakua wakinitaja kama mtu aliyekufa, na wao makochi yao... nilidhani nikinyamaza namlipa kaka fadhila ya magunia, na kumbe nimechukua mgongo wa mwanamke mwingine nikamtwika, yeye hata hajanijua, ananiita mwanangu. Nitakwenda kumwona kaka kwanza? Hapana. Nilikwenda kwanza mara ile. Safari hii kaka atasikia pamoja na wengine.

“Dada, mbona kimya?” anasema msusi, na ananiinamia mpaka namwona kwenye kioo, uso wake pembeni ya kichwa changu kilichosukwa upande mmoja na upande mwingine kimesimama kama kichaka, “wewe si unapokea simu huko kazini kwenu, ungekuwa wewe ungeiamini hiyo laini?” na mimi nasema laini haina kosa, anasema “Hee, baada ya kusikia yote haya?” nasema laini haina kosa, aliyeipokea ndiye mwenye kosa, simu ya yule mama niliipokea mimi. Vidole vinasimama. Havitoki kichwani, vimesimama tu, vimeshika nywele zangu nusu ya msuko, na kwenye kioo mdomo wake uko wazi, na draya linaunguruma kama hakuna kilichotokea, na mama aliye chini yake anachungulia huku na huku, anaona sura zetu, anapaza sauti, “Nini? Kasema nini?” na msusi ananitazama mimi tu, mama wa draya anarudia, “Kasema nini huyo?” na ningeweza kunyamaza, hajasikia, msusi pekee ndiye aliyesikia, ningeweza hata kucheka nikasema natania... navuta pumzi nirudie, kwa sauti ya kulizidi draya.