Masikio ya Waino Kestila

Serikali ya jimbo ilipotangaza kwamba imerahisisha sheria ya fidia za wafanyakazi, Delmar Oakes alijua kuna mtu ataumia. Hakuwa mtu wa siasa. Ila alikuwa ameishi miaka ya kutosha kwenye pwani ile ya mvua, kaskazini magharibi mwa Marekani, kuona kwamba wakubwa wa mji mkuu wakirahisisha jambo, wanajirahisishia wao.

Zamani ukidai fidia ya masikio ulikwenda ofisi ya jimbo, pale nyuma ya posta. Ulimkuta mama mmoja mnene, mcheshi, Bi. Ferrel, aliyejua kila kiwanda cha mbao kando ya mto na makelele yake. Ukishamwambia umetoka kiwanda cha Sorrel Point, alianza kukupigia kelele hapohapo, kabla hujamweleza kwamba husikii. Watu walitoka pale wakicheka, na mashine zao za masikio zilifika kabla msimu wa kuvua samaki wa samoni haujaisha. Sheria ya wakati ule ilikuwa na akili ya kawaida. Iliamini kwamba mtu aliyesimama kando ya msumeno mkubwa nusu ya maisha yake hakuharibiwa masikio na kwaya ya kanisani.

Ofisi ile sasa ni duka la chakula cha mbwa. Madai yanaingizwa kwenye kompyuta, kesi zinasikilizwa kwa video, na mdai ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba masikio yalianza kufa angali kazini. Yaliyokufa baadaye ni uzee, na uzee haulipwi na mtu. Ushahidi unaokubalika ni kipimo cha wakati huo, au kiapo cha mwenzake wa kazini aliyeona mwenyewe. Kiwanda cha Sorrel Point hakikuwahi kumpima mtu kitu chochote. Kwa hiyo kilibaki kiapo, na katika genge lao la wapasua mbao alibaki hai mtu mmoja tu wa kuapa, Delmar.

Mwenye madai alikuwa Waino Kestila, aliyekuwa mpasuaji mkuu pale, rafiki yake tangu wote wawili wana nywele. Mwezi wa pili Waino aliinjika birika, akaenda kukaa dirishani kuutazama mto. Birika likakauka, likaungua, ukuta wa jiko ukawa mweusi, king'ora cha moshi kikalia mpaka majirani wakavunja mlango. Walimkuta ametulia palepale dirishani, akawauliza wanataka nini. Baada ya hapo binti yake, Marlys, alimaliza maneno. Mashine za masikio zikipatikana, baba atabaki nyumbani kwake. Zisipopatikana, atahamia kwake mjini, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama maegesho ya magari.

Delmar alikichukia chumba hicho ingawa hajawahi kukiona. Waino akihama, hatabaki mtu wa kukaa naye na kuikumbuka Sorrel Point, na kitu kinachokumbukwa na mtu mmoja huanza kufanana na uongo.

Siku moja kabla ya kesi, Marlys alikuja kwa Delmar na kisahani cha mkate mtamu wa iliki, ule wanaooka Wafini, watu wa asili ya Ufini walioko kando ya mto ule.

"Anko Del, wakikuuliza uliona lini kwamba baba hasikii, utajibu nini?"

"Nitasema ukweli."

"Na ukweli ni upi?"

Delmar alikizungusha kikombe chake cha kahawa. "Kwamba sikuona. Mpaka kiwanda kilipofungwa, tukaanza kukaa mkahawani kama watu, ndipo nikagundua baba yako ananijibu mambo ambayo sijamuuliza."

"Miaka yote ile mlikuwa mnatazamana uso kwa uso, halafu hukuona?"

"Mwanangu, mle ndani hakuna aliyekuwa anasikia. Tulikuwa tunaongea kwa mikono."

Alishamwambia hayo mara nyingi, lakini alimwambia tena, maana alipenda kuyasema. Waino alikuwa kwenye usukani wa msumeno. Yeye Delmar alikuwa juu ya kigari kinachobeba gogo, akienda mbele na kurudi nyuma mchana kutwa. Msumeno ukiuma gogo, hata mawazo yako huyasikii. Waino aliinua vidole kumwonyesha unene wa ubao anaoutaka, naye akaseti gogo. Ilianza na hesabu za ubao tu. Kidogokidogo wakaongeza. Pakawa na ishara ya mvua, ya mke, ya mke aliyenuna, ya mshahara, ya mpira wa Ijumaa. Kubana pua kulimaanisha msimamizi anakuja. Mtu aliweza kusimulia safari yake yote ya kuwinda, mwanzo hadi mwisho, bila kusimamisha kazi na bila kufungua mdomo. Ukitaka mtu aliyekupa mgongo ageuke, ulimrushia kibanzi cha mbao begani.

"Na chumba cha chakula?" Marlys alimchokoza, akijua anachokitaka mzee.

Uso wa Delmar ulichanua. Chumba cha chakula kilikuwa na kuta nene za mbao mbilimbili, na mlango ukishafungwa nyuma yako, ukimya ulikuvaa ghafla. Hapo watu walishusha mikono, wakaongea kwa midomo kama wake zao walivyowafundisha. Wote isipokuwa Waino. Waino alikaa mwisho wa meza na mikono yake hewani, kimya, akimwigiza msimamizi anavyotembea, anavyokuna tumbo, anavyomwogopa mkewe kwenye simu. Wanaume wazima walikuwa wanamwagikiwa na supu kwa kucheka. Delmar hakuwahi kucheka vile mahali pengine, wala hategemei kucheka vile tena. Harufu ya mbao mbichi kwenye mashati, mvuke wa kahawa, na yule Mfini mkavu kama gogo anayewavunja watu mbavu bila kutoa sauti. Ukimuuliza Delmar furaha ni nini, ni hiyo.

Marlys alicheka pamoja naye, kisha akaacha. "Zote hizo hazimsaidii baba, Anko. Huwezi kusema tu kwamba uliona?"

"Siwezi kuapa uongo."

"Hata kwa ajili yake?"

Delmar alikisogeza kisahani pembeni. Mkate ule alikuwa akiupenda sana, lakini siku hiyo aliuacha sahanini.

Kesi ilisikilizwa maktaba, katika chumba kidogo cha kusomea watoto, ambako Marlys alikuwa ameazima kompyuta yenye kioo kikubwa. Kwenye kioo alitokea jaji, mwanamke kijana mwenye miwani, na pembeni yake mwanasheria wa kampuni ya bima, Bwana Haskell, aliyekaa mbele ya kabati la vitabu. Kanuni mpya zilikuwa zimemfikiria asiyesikia. Maneno ya msemaji yalipita kwa maandishi chini ya kioo. Ila Waino alisoma polepole, na kila alipofika katikati ya sentensi, sentensi ilishaondoka zake.

"Mbona mdogo hivi?" Waino alimuuliza Delmar, kwa ile sauti ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake. "Huyu si wa umri wa mjukuu wangu?"

"Nimekusikia, Bwana Kestila," jaji alisema, akatabasamu kidogo.

"Anasemaje?"

Marlys alifunika uso kwa kiganja.

Jaji alianza na Waino. Alimuuliza aliacha kazi mwaka gani. Waino aliyakodolea macho maandishi, akayapoteza, akamgeukia Delmar. Na Delmar, bila kufikiri, aliinua mkono akampa swali kama alivyokuwa akimpa unene wa ubao. Waino alijibu papo hapo, mwaka na mwezi. Jaji akauliza lingine. Mikono ya Delmar ikalibeba, jibu likaja. La tatu vivyo hivyo. Mzee aliyekuwa ameduwaa sasa alikuwa amekaa wima, macho yanang'aa, anajibu kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Mheshimiwa, napinga," Bwana Haskell alisema. "Shahidi anampa mdai ishara. Sote tunaona. Anamfundisha la kusema."

Jaji alivua miwani. "Bwana Oakes, unafanya nini na mikono yako?"

Delmar aliitazama mikono yake. Kwa kweli hakuwa na habari kwamba ilikuwa juu.

"Ninaongea, mheshimiwa."

"Kwa lugha gani?"

"Ya kiwandani. Haina jina. Samahani, ni mazoea."

"Na hii ni nini?" jaji aliuliza, maana Waino, aliyeuona mdomo wa Haskell ukienda mbio, alikuwa amebana pua.

"Hiyo tuiache, mheshimiwa."

Jaji alimwapisha Delmar rasmi, akamtaka aieleze lugha hiyo, na mikono ikae mezani. Delmar alieleza. Alieleza vidole vya unene wa ubao, mvua, vibanzi vya begani. Haskell alimsikiliza kwa upole mbaya. Alipomaliza, Haskell aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo, Bwana Oakes, hukuwahi kuona dalili kwamba mwenzako hasikii?"

Delmar alimtazama Marlys. Marlys alitazama sakafu.

"Hapana, bwana. Sikuona."

Haskell alisema hana swali lingine. Waino hakuwa amesikia kitu. Aliketi tu akimtazama rafiki yake kwa imani yote, na Delmar alijisikia vibaya kuliko siku aliyomzika mke wake.

Jaji alikuwa bado anaandika. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "Mikono hii mlikuwa mnaitumia kila mahali? Hata penye ukimya?"

"Hapana, mheshimiwa. Kwenye misumeno tu. Chumba cha chakula tulikuwa tunaongea kwa midomo. Waino peke yake ndiye aliyeendelea." Alitabasamu mwenyewe. "Alikuwa anatuchekesha. Anamwigiza msimamizi."

"Tangu lini?"

"Mwaka ule mlima wa volkano ulipolipuka, majivu yakatufikia huku. Alimwigiza msimamizi anavyofagia majivu kwenye gari lake jipya. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno, tena mwingi wa maneno. Alikuwa anatusomea gazeti."

"Na mkitaka kumwambia kitu akiwa anakula, mlifanyaje?"

"Tulimrushia ganda la mkate."

"Kwa nini msimwite jina?"

"Kwa sababu hageuki uk—"

 Delmar alizikodolea macho picha za dubu ukutani mwa chumba kile cha watoto.

"Malizia, Bwana Oakes."

"Hageuki ukimwita," Delmar alisema. Alikuwa akiyasikia maneno yake kama yanasemwa na mtu mwingine. "Tulidhani ni sehemu ya mchezo. Ukimwita, hageuki, watu wanacheka. Ukimrushia mkate, anashtuka, watu wanacheka zaidi. Alikuwa haigizi, mheshimiwa. Alikuwa hasikii. Amekaa pale na watu wote wanaongea, naye hasikii hata neno, na sisi tunacheka."

 Haskell alikuwa anapanga karatasi zake. Waino alimgusa kiwiko na kuzungusha kiganja, yaani, umesema nini? Delmar aliinua mikono, ikabaki hewani. Lugha ile ilikuwa na ishara ya mke aliyenuna na ya mkia wa samoni, lakini kwa hili hawakuwahi kutunga ishara.

Nje, mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwao, nyembamba, isiyo na haraka. Marlys alikwenda kuleta gari. Delmar alimsogelea Waino mpaka mdomo ukakaribia sikio, akasema kwa nguvu, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua nini?"

"Kwamba husikii. Kule, wakati ule."

Waino alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Masikio yalikuwa yangu, wewe. Ningeacha kujua vipi?"

"Mbona hukusema?"

"Uliona walivyomfanya Halvor aliposema kwamba hasikii? Walimpa ufagio, akawa mfagiaji. Mpasuaji mzima." Waino alipangusa mvua usoni. "Nikaona nyinyi mnacheka. Nikasema, wakicheka hawataniuliza maswali. Wala haikuwa mbaya, Del. Nilikuwa naona meno yenu yote. Siku zile mlikuwa na meno."

Delmar alishindwa kucheka. Alimshika rafiki yake begani, na hapo walisimama, wazee wawili wanalowa wakati kibaraza kiko nyuma yao, mpaka gari lilipofika.

Uamuzi ulikuja kabla ya majani kuanguka. Jaji aliandika kwamba ushahidi wa mwenzake wa kazini umeridhisha, na kampuni ya bima igharimie. Marlys alimpeleka baba yake mjini kwa mtaalamu, akamrudisha jioni ya siku hiyohiyo, pamoja na mfuko wa nguo za mzee ambao alikuwa ameshaupeleka kule kwa kukata tamaa.

Delmar alimkuta Waino kesho yake jikoni, ukuta umeshapakwa rangi mpya. Nyuma ya kila sikio palikaa kidude kidogo cha kijivu. Waino alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza majirani wanagombana. Alisema jokofu linamtukana. Alisema hakuwa na habari kwamba viatu vyake vinalia.

"Na mimi je?" Delmar alivuta kiti. "Unanisikia?"

 Waino alimtazama, midomo imefunguka kidogo, na macho yake yakaanza kujaa machozi.

"Del," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, ya kiasi cha jiko. "Mbona sauti yako imezeeka hivi?"

 Ndipo Delmar alipoelewa kwamba miaka yote hii, kila aliposogeza mdomo mkahawani, Waino alikuwa anamjazia sauti ya yule kijana wa juu ya kigari. Sauti hiyo haikuwa inasikika tena popote duniani isipokuwa kichwani mwa mtu huyu, na asubuhi hii imemtoka.

"Ongea," Waino alisema. "Ongea chochote, niizoee."

Kwa hiyo Delmar aliongea. Alimweleza bei ya mafuta ya gari, habari za mvua, jino lake linalomsumbua upande wa kushoto, na Waino alisikiliza akiwa ameegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.