Ndama Wasio na Hereni

Mzee Tito alifika kwenye tenki la maji na shoka begani.

"Shikamoo, mama," akanisalimu, maana hapa Gehandu hata mtu anayekuja kuvunja bomba huwaamkia wakubwa kwanza.

"Marahaba. Na hilo shoka mbona halisalimii?"

Hakucheka. Akakaa kwenye jiwe, akalipakata shoka lake.

Mjukuu wangu Belinda alikuwa amepiga magoti kando ya mbauti, lile hori la saruji la kunyweshea ng'ombe, kompyuta mapajani. Wiki hii ametufungia mashine aliyoipangia programu mwenyewe. Ng'ombe akisogea, mashine inasoma hereni aliyotobolewa sikioni. Ikiiona ya kijiji chetu, inafungua maji. Isipoiona, inafunga. Tulikuwa tumechoka na watu wa mbali waliotumalizia tenki, kwa hiyo koki ya mkono tukaing'oa wenyewe, tena kwa vigelegele.

Jioni ile ya kwanza ng'ombe walirudi malishoni wakanywa vizuri. Kesho yake mchana wakaja ndama. Ndama hawafuatani na mama zao malishoni. Wanabaki nyumbani na kunyweshwa peke yao jua likiwa kali, wasije wakakanyagwa. Na hereni hawavalishwi mpaka waache kunyonya. Belinda hakulifikiria hilo, na sisi tuliozeeka na ndama hakuna aliyemwambia. Nani anaeleza mambo kama hayo? Wakalamba saruji kavu, tukasema pampu imechoka. Leo asubuhi wawili hawakuweza kusimama. Mmoja wa Tito, mmoja wangu.

"Kivuli cha tenki kikigusa mbauti, nakata bomba," Tito akasema.

"Ukikata, babu, maji yote yatamwagika," Belinda akamjibu bila kuinua macho. "Ng'ombe watarudi jioni wakute tope."

"Najua. Lakini ndama hawafiki jioni. Na Basotu ziwani hawafiki kabisa."

Nikainama nikaisogezea mashine sikio langu, lenye hereni ya shaba niliyoolewa nayo. Kimya.

"Imekukataa, mama," Tito akasema.

"Imeona sina maziwa."

Belinda akanigeukia. "Bibi, mashine haijui ndama. Inajua sharti tu. Kama hereni ipo, fungua. Kama haipo, funga."

"Basi iambie."

"Naiambia. Kama ni mchana, fungua."

Akachomeka waya. Bomba likakohoa, likatema maji ya kujaza kiganja, likanyamaza. Ndama wenye nguvu wakajisukuma, wakaloanisha pua tu. Hapo ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana sasa walikuwa wamenusa maji. Wakaanza kulia, na kilio cha ndama mwenye kiu hakina tofauti na cha mtoto. Belinda akajaribu tena. Likakohoa, likanyamaza. Machozi yakadondokea vibonyezo.

"Nimeiambia kabisa," akasema. "Nimeiandikia juu kabisa."

Kivuli kilikuwa kimegusa saruji. Tito akasimama.

"Nisomee ulichoandika," nikamwambia Belinda. Sikuwa na haja ya kuelewa. Nilijua tu kwamba Tito, kwa malezi yake, hawezi kupiga shoka wakati mkubwa wake anasomewa.

Tito akanitazama. Alijua ninachofanya. Akasubiri.

"Soma polepole," nikasema. "Mimi ni mzee."

"Kama ni mchana, fungua. Kama hereni ipo, fungua. Kama haipo, fu..." Akanyamaza. "Inafungua, halafu inaendelea kusoma mpaka chini. Kule chini inakuta ndama hana hereni, inafunga. Bibi, inatii kila mstari, na wa mwisho ndio unaobaki."

"Kama baba yako."

"Inatakiwa iwe hivi: kama ni mchana, fungua, na hayo mengine yaruke. La sivyo, ndipo uangalie hereni."

"Na watu wa mbali wakija mchana?" Tito akauliza.

"Wewe si utakuwepo?" nikamwambia.

Belinda akafuta mistari, akaandika, akafuta tena. Akachomeka waya. Maji yakaja, yakaendelea kuja.

Ndama wangu hakuinuka. Nililowesha kanga nikamkamulia mdomoni, maji yakamtoka pembeni. Nikamkamulia tena. Mara ya tatu ulimi ukasogea, kidogo tu. Wa Tito alikuwa ameacha kupumua, na Tito bado amemshikilia kichwa juu ya maji.

Belinda akaja akachuchumaa mbele yake. "Nisamehe, babu." Akagusa sikio la ndama. "Kuna mnyama mwingine asiye na hereni anayekunywa hapa?"

Tito akamlaza ndama chini taratibu.

"Punda," akasema. "Wanakuja alfajiri."

Belinda akarudi kwenye kompyuta.